PS5 imekufa, duka limenikana, na shahidi wangu ni dadangu

Shikamoo mama,

Mimi ni kijana wa miaka 25, naishi Kisauni, Mombasa. Nina kibanda cha gemu karibu na steji. Si kikubwa: runinga mbili, viti vya plastiki, PS4 niliyoanza nayo na, tangu mwaka huu uanze, PS5 moja. Vijana wanalipa shilingi 50 kwa mechi, na jioni ya Jumamosi hupati pa kukanyaga. PS5 ndiyo iliyowavuta, kwa sababu kibanda cha jirani hakina.

Pesa za kuinunua sikuwa nazo. Mamangu anauza mahamri na mbaazi asubuhi mlangoni kwetu. Alikopa shilingi 70,000 kwenye chama chao cha akina mama, akanikabidhi. Nikaongeza kidogo, nikaenda mjini kwenye duka la vifaa vya elektroniki ambako dadangu ameajiriwa kuuza. Nikisema dadangu, ni binti wa mamangu mdogo, lakini tumelelewa nyumba moja na sijawahi kumwita jina jingine. Yeye ndiye aliyenihudumia. Nilimwambia wazi kuwa mashine ni ya biashara, itachezwa mchana kutwa. Akasema haina shida, wengi wananunua kwa kazi hiyo hiyo, na ina waranti ya mwaka mmoja. Nikalipa kwa M-Pesa, nikapewa risiti yenye muhuri na kikaratasi cha waranti.

Ilifanya kazi vizuri miezi michache. Siku moja mechi ikiwa katikati picha ikakatika. Tangu hapo nikiiwasha inapiga mlio, taa ya buluu inapepesa kidogo, halafu inazima. Nimebadilisha waya wa HDMI unaopeleka picha kwenye runinga, nimejaribu runinga nyingine, nimehamisha soketi. PS4 iliyokuwa kwenye ekstensheni hiyo hiyo inacheza mpaka leo. Sijaifungua, na stika zake ziko vile vile zilivyotoka dukani.

Dukani walinambia waranti ni ya kampuni iliyoitengeneza, niitafute kwenye intaneti. Nikaitafuta. Kwanza unaandikiana na roboti, inakuuliza kama umejaribu kuzima na kuwasha. Ukimaliza kuieleza inakuuliza tena yale yale. Ukishikilia sana unapewa mtu, naye anataka namba ya mashine, risiti na picha. Nikatuma vyote. Jibu likaja kwamba mashine hii ilitengenezewa soko la nchi nyingine, kwa hivyo nirudi kwa aliyeniuzia. Kesho yake ukaingia ujumbe: "Tatizo lako limetatuliwa. Tafadhali tupe alama kuanzia 1 hadi 5." Mama, mikono ilinitetemeka nikiusoma.

Nikarudi dukani. Meneja akaishika mashine, akaigeuza huku na huku, hata kuichomeka hakuichomeka, akasema hii imepigwa na stima na waranti haihusiki. Nikamuuliza amejuaje. Akasema wao wana uzoefu. Nikamwambia mfanyakazi wake alijua inaenda kwenye biashara na akanihakikishia hakuna shida. Akamgeukia dadangu: "Ulimwambia hivyo?" Dadangu akainamisha uso kwenye kaunta, akawa anapangapanga vitabu vya risiti, akasema hakumbuki.

Jioni alinipigia akilia. Meneja ameshawaonya kwamba atakayemwahidi mteja kitu kisichoandikwa atafutwa. Analea watoto wawili peke yake, na kazi hii aliipata baada ya kukaa nyumbani muda mrefu. Ananisihi niyaache.

Lakini nina rekodi. Rafiki yangu alikuwa anarekodi kwa simu siku ile. Meneja anaonekana, dadangu anaonekana, na maneno yote yanasikika. Marafiki wananiambia niiweke TikTok na nilitaje duka kwa jina, kwani maduka ya siku hizi haya hayaogopi kitu kingine. Wanasema nifunike sura ya dadangu. Mimi naona bila yeye rekodi haina nguvu, maana yeye ndiye anayejua ukweli.

Mama anasema niache, udugu usivunjwe na mashine ya mchezo, na mkopo ataulipa mwenyewe na mahamri yake. Kauli hiyo inaniua. Mamangu mdogo naye amesikia habari za video, amesema nikiiweka nisikanyage kwake tena. Kila mtu ananiambia mimi ndiye ninyamaze. Mwenye duka peke yake ndiye haambiwi kitu.

Niiweke? Niwashtaki? Au nimpe fundi aifungue, nipoteze hata hiyo waranti ambayo wameshaikataa? Sitaki kumharibia dadangu kazi. Na sitaki kuwa mjinga wa kila mtu.

Kijana wa gemu, Kisauni


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na sentensi yako moja iliyonishika: mwenye duka peke yake ndiye haambiwi kitu. Ni kweli, na sidhani kama kuna mtu nyumbani amekaa nawe akakubali hivyo kabla ya kukutaka utulie. Ulilipa pesa halali. Risiti umeitunza. Ulipoambiwa nenda kule ulienda, ulipoambiwa rudi ulirudi. Na mtu uliyetarajia asimame nawe aliangalia kaunta. Sasa unaombwa uonyeshe busara wewe, uwahurumie wengine wewe, na mama aendelee kupeleka pesa chamani kwa mashine isiyowaka. Hasira yako ina sababu. Wala si hasira ya mchezo wa watoto, kwa sababu kibanda hicho ndicho kazi yako.

Nikiisoma barua yako tena naona mambo yaliyofungwa fundo moja, nami ningependa tuyafungue kidogo. Kuna mashine iliyoharibika. Kuna duka lililokukwepa. Kuna dada aliyesema hakumbuki. Rekodi iliyo kwenye simu inakupa hisia kwamba utayamaliza yote kwa kubonyeza mara moja. Sina hakika kama yote yanatibiwa na dawa ile ile.

Tuanze na duka, kwa kuwa hapo una nguvu zaidi ya unavyodhani. Unaandika kana kwamba waranti ikikataliwa mambo yamekwisha. Waranti ni ahadi ya kampuni, nayo ina masharti yake. Lakini kabla ya waranti kuna sheria. Kenya ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, na kifungu chake cha 16 kinamhusu aliyekuuzia. Mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani anatakiwa auze kitu chenye ubora wa kuuzika. Na kama mnunuzi amemweleza anakusudia kukitumia kwa kazi gani, akategemea ujuzi wake, kitu hicho kinatakiwa kiifae kazi hiyo. Pesa zako za M-Pesa ziliingia dukani. Kwa hivyo kukuambia "tafuta kampuni kwenye intaneti" hakuliondolei duka wajibu wake.

Sasa litazame upya lile jibu la kampuni lililokurudisha dukani. Baadhi ya mashine za gemu zinazouzwa kwetu huletwa kutoka masoko mengine, na waranti za watengenezaji kwa kawaida hufuata nchi au eneo ambalo mashine ilikusudiwa. Ndiyo maana walitaka namba ya mashine kabla ya kitu kingine. Walipokuandikia kwamba urudi kwa aliyekuuzia, walikuudhi, lakini pia walikupa maandishi yanayosema mzigo huu ni wa muuzaji. Usiufute mfuatano ule wa ujumbe. Uhifadhi wote, pamoja na ule wa alama 1 hadi 5, kwa sababu unaonyesha kuwa walifunga malalamiko yako bila kuyatatua.

Ukiwa kwenye karatasi, kisome kile kikaratasi cha waranti mstari kwa mstari. Waranti nyingi za mashine hizi zimeandikwa kwa ajili ya matumizi ya nyumbani, na zinaweza kuwatenga wanaoziweka kibandani kwa malipo. Ikiwa yako inasema hivyo, ukiishikilia waranti peke yake wanaweza kukujibu kwamba wewe ndiye uliyevunja masharti. Ukisimama kwenye ile sheria ya uuzaji, suala linakuwa: je, muuzaji aliambiwa mashine inaenda kufanya kazi gani? Hapo ndipo neno la dadako lilipo na uzito, na ndipo ninapoona kwa nini huwezi kulipuuza. Nitalirudia baadaye.

Halafu kuna hili la stima. Meneja anaweza kuwa amesema kweli, anaweza kuwa amebahatisha. Umeme wetu unapanda na kushuka, hilo unalijua, na PS4 kubaki nzima ni dalili nzuri kwako ingawa haitoshi kuwa ushahidi kamili, kwa kuwa kila mashine ina uvumilivu wake. Lakini mtu asiyeichomeka mashine wala kuifungua hawezi kusema kilichoiua kwa kuigeuza mkononi. Ungeweza kumwomba, kwa barua na si kwa mdomo, akuandikie fundi gani aliikagua, lini, na aliona nini kilichoungua. Akiandika, unalo la kumpelekea fundi mwingine alipime. Akikataa kuandika, kukataa kwake nako kutasema jambo mbele ya mtu wa tatu.

Nitakuuliza swali ambalo nao watakuuliza, ili lisikukute huna jibu. Kibanda chako ni cha mabati? Kitabu cha maelekezo cha PS5 kinasema itumike mahali penye joto la kati ya nyuzi 5 na 35 za selsiasi. Februari na Machi, chini ya mabati ya Kisauni, vijana wamejaa na mlango umefungwa nusu ili runinga ionekane vizuri, unalijua joto lake kuliko mimi. Sisemi hilo ndilo lililoiharibu. Huenda ni tundu la HDMI lililolegea, huenda ni sehemu ya umeme, huenda ilitoka kiwandani na kasoro. Nasema tu kwamba ukidai mashine haina namna ya kuguswa na kitu chochote upande wako, nao wakaleta karatasi hiyo, utakuwa umewapa nafasi. Picha ya mahali ilipokuwa imewekwa, feni iliyokuwepo, upenyo wa hewa nyuma yake, ziandae mapema.

Kuhusu fundi: kuna hatua moja isiyohitaji bisibisi. Mashine ikiwa imezimwa, bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde 7 hivi, kisha unganisha pedi ya kuchezea kwa waya wa USB. Ikiwa mfumo uko hai, itaingia kwenye hali ya usalama na kuleta menyu ambamo unaweza kubadilisha namna picha inavyotoka au kupanga upya hifadhidata. Usiguse kipengele cha kuirudisha upya kama ilivyotoka kiwandani, kinafuta kila kitu. Kama huoni menyu yoyote, andika hivyo pia.

Kuifungua ni uamuzi mwingine, na una faida na hatari zake. Tatizo likiwa tundu la HDMI, fundi mzuri wa simu anaweza kulibadilisha kwa sehemu ndogo ya bei ya mashine mpya, na kibanda kikafufuka wiki hii. Lakini stika zikishapasuka, duka litasema uharibifu wote ulifanyika kwa fundi. Na PS5 ina jambo ambalo mafundi wengi waliozoea PS4 hawakulikuta: kati ya chipu kuu na kipoza joto hakuna ile pasta ya kawaida, kuna chuma cha majimaji. Kinapitisha umeme. Kikimwagika kidogo tu kwenye bodi, mashine iliyokuwa na ugonjwa mmoja inapata wa pili. Ukiamua kwenda njia hiyo, ningependa iwe baada ya duka kupata barua yako na muda wa kujibu, mbele ya shahidi, huku picha zinapigwa, na kwa fundi anayekubali kukuandikia alichokikuta. Na huenda ukaona kusubiri kunakugharimu zaidi kuliko waranti yenyewe. Hesabu hiyo ni yako, kwa sababu wewe ndiye unayejua kibanda kinapoteza nini kila jioni.

Sasa video. Marafiki zako hawakosei wanaposema kelele hufanya kazi. Wewe ulikuwa mdogo wakati Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft, ilipotoka mwaka 2005, lakini waulize kaka zako kuhusu ile duara nyekundu. Mashine zilikuwa zinakufa kwa wingi, taa tatu nyekundu zinawaka mbele, na kwa muda watu walijibiwa mmoja mmoja kana kwamba kila mmoja ana bahati mbaya yake. Chanzo kikubwa kilikuwa joto: chipu zinapata moto zinapoa, zinapata moto zinapoa, mpaka viunganishi vinapasuka. Malalamiko yalipokuwa mengi mno, mwezi Julai 2007 Microsoft ilirefusha waranti ya kasoro hiyo hadi miaka 3 na ikatangaza kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kulipia. Nakueleza haya kwanza ili ujue kwamba mashine kuharibika mikononi mwako hakumaanishi wewe ni mtumiaji mbaya. Na pili, nakubali kabisa kwamba pasingekuwa na kelele huenda pasingekuwa na waranti hiyo.

Lakini tazama kelele zile zilikuwa zinaelekea wapi. Zilielekea kwa kampuni, na zilibeba mashine, tarehe na majibu ya kampuni. Rekodi yako inamwonyesha nani? Unasema mwenyewe kwamba bila dadako haina nguvu. Basi watu watakaoitazama watamtazama yeye. Mwenye duka, ambaye ndiye haambiwi kitu, hata kwenye video hayumo. Watakaoandika matusi chini yake watamwandikia mwanamke aliyeinamisha uso, na wanawe wakikua wataikuta. Kufunika sura hakutoshi, kwa sababu Kisauni nzima inaijua sauti yake, na meneja hahitaji sura ili ajue nani wa kufutwa.

Kuna na upande wa sheria. Sura na sauti ya mtu ni taarifa zake binafsi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 mtu anaweza kulalamika zikisambazwa bila idhini yake. Duka nalo linaweza kudai umelichafulia jina. Ukweli ni kinga dhidi ya dai la kuchafuliwa jina, lakini utakuwa wewe unayetakiwa kuuthibitisha, na wao wana wakili. Ukiona bado unataka kusema hadharani, ipo njia ya katikati: onyesha mashine, risiti ukiwa umeficha namba zako, jibu la kampuni na barua yako kwa duka, usimulie kwa sauti yako mwenyewe bila rekodi ile. Hata hiyo haina usalama kamili kwa dadako, kwa kuwa meneja ataunganisha mambo. Lakini angalau hatakuwa ameanikwa na wewe.

Na ipo Mahakama ya Madai Madogo. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, mauziano ya bidhaa yakiwemo, na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa. Mombasa ipo. Unaweza kujisimamia bila wakili, na haikubani kwa taratibu ngumu za ushahidi kama mahakama nyingine. Malalamiko ya wateja pia yanapokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Nisikufiche upande wa pili: utafunga kibanda siku za kusikilizwa, unaweza kushinda na bado ukahangaika kulipwa, na mambo yakifika kwenye swali la "nani alimwambia nini", dadako anaweza kuitwa aseme mbele ya hakimu. Maduka mengi huwa tayari kuzungumza yanapopokea barua ya madai yenye tarehe, kiasi na kifungu cha sheria, kabla kesi haijafunguliwa. Barua hiyo inaweza kuandikwa bila kumtaja dadako hata mara moja: ulinunua, imeharibika ndani ya mwaka, kampuni imesema ni jukumu la muuzaji, muuzaji amekataa bila ukaguzi. Ningekuwa mimi ningetaka kujua watajibu nini kwa hayo tu.

Hapo tunafika kwa dadako, na hapa naomba univumilie. Umeandika kwamba yeye ndiye anayejua ukweli. Ni sawa. Lakini fikiria aliulizwa wapi, na nani, na akiwa na jibu lipi la kutoa ambalo lisingempeleka nyumbani jioni ile bila kazi. Uliyataja maneno yake mbele ya bosi wake bila yeye kujua kwamba utayataja. Ulikuwa na haki ya kusema, ulikuwa umebanwa. Yeye naye alikuwa amebanwa. Sikuambii alifanya vyema. Alikuacha peke yako, na kulia kwenye simu hakujafuta hilo. Hata hivyo sijaona popote katika barua yako mahali ambapo mmekaa wawili ukamwambia, "Uliniumiza." Alikupigia kukuomba uache. Je, wewe umewahi kumwambia unachotaka kutoka kwake, mbali na kubadilisha maneno yake mbele ya meneja?

Huenda kuna mambo anayoweza kukusaidia bila kujichongea: nani hasa ni mwenye duka na anapatikana lini, maana meneja si mwenye mali. Mashine zile zimetoka kwa msambazaji gani. Kama wateja wengine wamerudisha PS5 za shehena hiyo hiyo. Huenda pia atakataa yote, na itabidi uishi na jibu hilo. Lakini utakuwa umelisikia kutoka kwake mkiwa hamna kaunta katikati.

Pekua na simu yako, ujumbe wa siku za kabla ya kununua. Ndugu hawanunui kitu cha shilingi 70,000 bila kuandikiana WhatsApp. Ukikuta ujumbe wake unaosema mashine inafaa biashara, utakuwa na ushahidi mzuri kuliko video. Utakuwa pia umebeba uzito ule ule mikononi, wa kuamua kama utautumia. Siwezi kukuondolea huo.

Na mama. Umekasirika aliposema atalipa mwenyewe, kwa sababu umesikia anakuambia unyamaze. Inawezekana ndivyo. Lakini mamako mdogo unayemtaja ni ndugu yake wa tumbo moja, na mlango ukifungwa, unafungwa kwake pia. Huenda anakilinda kitu chake, si wewe tu. Ungemuuliza. Na kuhusu mkopo, usingoje mashine ipone ndipo uonyeshe uso: hata sehemu ndogo ya kile PS4 inachoingiza ukimkabidhi kila wiki siku ya chama, mtakuwa mnalipa wawili. Nadhani neno lake litapungua ukali masikioni mwako mkono wako ukiwamo kwenye deni.

Umeuliza maswali matatu: niiweke, nishtaki, nifungue. Mimi naona kuna la nne kabla yao, nalo sijui jibu lake: ungetosheka na nini? Duka likikupa mashine nyingine kesho bila hata kusema pole, moyo wako utatulia? Likikurudishia nusu ya pesa? Au dadako akikiri mbele ya mama zenu wawili kwamba alikumbuka, hata kama PS5 haitawaka kamwe? Kila jibu lina njia yake, na nyingine kati ya hizo hazipiti TikTok wala mahakamani.

Rekodi usiifute. Itoe kwenye simu ya rafiki yako pia, au angalau akuahidi kwamba haiendi popote bila wewe, maana sasa hivi uamuzi unaoutafuta unaweza kufanywa na kidole cha mtu mwingine. Barua ya duka iandike wiki hii, uipeleke mwenyewe, nakala yako wakugongee muhuri. Wakijibu niandikie, nitakusaidia kuisoma. Na ukiwa umeshaamua njia tofauti na zote nilizotaja, niandikie vile vile.

Mshauri wako